Umetoka Windows Kwenda Ubuntu na Seva Imekukataa? Fuata Hatua Hizi

Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, laptopi nyingi zisizokidhi masharti ya Windows 11 zimepigwa Ubuntu, mfumo wa Linux. Hapa Dodoma nimezishika kadhaa kwa mkono wangu: za ofisi ndogo za Makole, za wanafunzi wa UDOM, za vikundi vya wakulima vyenye tovuti. Mashine inakuwa nyepesi na kila mtu anafurahi. Kisha inafika siku ya kubadilisha bei kwenye tovuti, na seva inakataa katakata.

Ninaloletewa huwa ni tatizo lilelile. Watu wanaamini PuTTY, ile programu ya Windows ya kuingilia kwenye seva kwa amri, ndiyo iliyokuwa ikiwaingiza. PuTTY ilikuwa mkono tu. Kilichofungua mlango ni faili dogo la ufunguo, na faili hilo limebaki kwenye Windows au limefutwa pamoja nayo.

Mwongozo huu ni wa mwenye seva ya Linux aliyezoea kuiingia kwa PuTTY, na sasa anatumia Ubuntu 22.04 au 24.04. Kwenye mifano nimetumia anwani 203.0.113.25, iliyo katika kundi la anwani zilizotengwa kwa ajili ya mifano, na jina la mtumiaji "mtunzaji". Wewe weka zako.

## Kusanya hivi kwanza

- Anwani ya IP ya seva, na namba ya poti. Kawaida poti ni 22, lakini wengine huibadilisha.
- Jina la mtumiaji wa kwenye seva. Hili si jina ulilojipa ulipopiga Ubuntu.
- Faili la ufunguo, ambalo kwa PuTTY huishia na .ppk, pamoja na nenosiri lake kama liliwekewa.
- Flashi moja.
- Namna ya kuingia kwenye ukurasa wa kampuni unayokodi seva kwao. Huo ndio mlango wako wa dharura.

Bando lisikutie hofu. Kuandika amri kwenye seva hakuli data ya maana. Kinachokula ni kupakua programu, na hapa tutapakua ndogo tu.

## Kama Windows bado ipo, usikubali ifutwe leo

Hapa ndipo ningependa kila msomaji asimame.

Kuna mama mmoja, katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu upande wa Mpunguzi, aliniletea laptopi akiwa amechoka kabisa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Tovuti yetu ipo, watu wanaiona, ila sisi wenyewe hatuingii." Fundi alikuwa amefomati diski nzima. Picha na barua alizihamisha kwa uangalifu, lakini ufunguo hakuujua, kwa hiyo hakuuliza. Tulipona kwa sababu mwenzao mmoja aliyekuwa Dar es Salaam bado alikuwa na njia ya kuingia. Asingekuwepo, ingekuwa kazi ya siku kadhaa.

Kwa hiyo, kabla fundi hajagusa diski, fanya haya ukiwa bado Windows:

Fungua PuTTY, chagua seva yako kwenye orodha, bofya Load. Andika kwenye karatasi yaliyomo kwenye Host Name na Port. Kisha nenda Connection, halafu Data, uone jina la mtumiaji. Kama hapo pako wazi, ni lile unaloandika PuTTY inapouliza "login as:".

Rudi Connection, SSH, Auth. Kwenye matoleo mapya ya PuTTY kuna kipengele kingine ndani yake kiitwacho Credentials. Utaona njia ya kufikia faili la .ppk. Fuata njia hiyo, nakili faili, liweke kwenye flashi.

Sasa ingia kwenye seva kwa PuTTY kama kawaida, bofya kwa kitufe cha kulia juu kabisa ya dirisha, chagua Event Log. Humo kuna mstari wenye alama ya utambulisho wa seva, ile inayoanza na SHA256. Upige picha kwa simu. Utauhitaji Hatua ya 4, na watu karibu wote huuruka.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye vitu vitatu (anwani, poti, jina), faili la .ppk kwenye flashi, na picha moja kwenye simu.

## Hatua ya 1: Hakikisha Ubuntu ina programu ya SSH

SSH ndiyo njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, ileile PuTTY iliyokuwa ikitumia. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa Ctrl+Alt+T, andika:

`ssh -V`

Ikijibu kwa jina OpenSSH (ndiyo programu ya SSH ya Ubuntu) na namba ya toleo, endelea. Ubuntu ya kawaida ya mezani huja nayo. Huhitaji kutafuta PuTTY ya Linux, ingawa ipo.

Mambo mawili huwababaisha waliozoea PuTTY. Kwanza, kupesti kwenye terminali ya Ubuntu ni Ctrl+Shift+V, si kubofya kitufe cha kulia. Pili, ukiandika nenosiri hakitokei kitu, hata nyota. Kibodi yako ni nzima. Andika hadi mwisho, bonyeza Enter.

## Hatua ya 2: Leta ufunguo nyumbani

Usitumie ufunguo ukiwa ndani ya flashi. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haitunzi ruhusa za faili za Linux. Utapiga amri ya kubana ruhusa, haitalalamika au itakataa, na vyovyote vile hakuna kitakachobadilika.

Tengeneza folda na uibane:

`mkdir -p ~/.ssh`
`chmod 700 ~/.ssh`

Folda hii inaanza na nukta, kwa hiyo imefichwa. Kwenye dirisha la mafaili bonyeza Ctrl+H uione, kisha nakili humo faili lako kutoka kwenye flashi. Tuseme linaitwa zamani.ppk.

## Hatua ya 3: Geuza ufunguo usomeke

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, kwa sababu faili lipo, jina ni sahihi, na bado seva inakataa. Sababu ni kwamba .ppk ni muundo wa PuTTY peke yake. OpenSSH inasubiri muundo mwingine. Kubadilisha jina la faili hakugeuzi kilichomo.

Sakinisha kigeuzi:

`sudo apt update`
`sudo apt install putty-tools`

Kisha geuza:

`puttygen ~/.ssh/zamani.ppk -O private-openssh -o ~/.ssh/seva`

Hiyo -O ya kwanza ni herufi kubwa, ya pili ni ndogo. Ukizichanganya haitafanya kazi. Kama ufunguo una nenosiri utaulizwa, na nenosiri hilo litaendelea kuulinda ufunguo mpya.

Sasa ubane:

`chmod 600 ~/.ssh/seva`

Maana yake ni kwamba wewe tu ndiye unayeweza kulisoma. SSH hukataa makusudi ufunguo unaosomeka na watumiaji wengine wa kompyuta, na hukuonyesha onyo kubwa lenye maneno "UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE!". Watu huliona onyo hilo wakadhani wamedukuliwa. Hujadukuliwa. Ni ruhusa tu.

Ukiambiwa "key format too new", una putty-tools ya zamani. PuTTY ilileta muundo namba 3 wa .ppk mwaka 2021, na kigeuzi kilicho kwenye Ubuntu 20.04 hakiujui. Tumia Ubuntu mpya zaidi, au kama Windows ipo, fungua PuTTYgen hukohuko, bofya Load, kisha Conversions, kisha Export OpenSSH key.

Utajua umefaulu ukiandika `head -n 1 ~/.ssh/seva` na kuona mstari unaoanza na "-----BEGIN". Ukiona "PuTTY-User-Key-File", bado unaangalia faili la zamani.

Tahadhari moja hapa: kuna tovuti zinazojitolea kukugeuzia ufunguo ukiupakia kwao. Usifanye hivyo kabisa. Ufunguo wa siri ukishatoka kwenye mashine yako kwenda kwa mtu usiyemjua, si siri tena, na hakuna namna ya kuurudisha.

## Hatua ya 4: Ingia mara ya kwanza

`ssh -i ~/.ssh/seva -p 22 mtunzaji@203.0.113.25`

Angalia sana neno lililo kabla ya alama ya @. PuTTY ilikuwa inakuuliza "login as:", lakini ssh haiulizi. Usipoandika jina, inachukua lile la mtumiaji wa Ubuntu yako. Kijana mmoja wa Nkuhungu alinipigia akisema, "Kaka, ufunguo nimegeuza, ruhusa nimeweka, bado inagoma." Alikuwa ameandika `ssh -i ~/.ssh/seva 203.0.113.25` bila jina, na laptopi ilikuwa ikijitambulisha kwa jina "ofisi", ambalo seva haikuwahi kulisikia. Ufunguo ulikuwa sahihi kabisa.

Mara ya kwanza utaambiwa uhalisi wa seva haujathibitishwa, na chini yake utaona alama inayoanza na SHA256. Toa ile picha ya simu, linganisha. Zikifanana, andika yes neno zima. Wakati mwingine zitatofautiana kwa sababu halali: PuTTY ilitumia aina moja ya ufunguo wa seva na Ubuntu imechagua nyingine. Tazama aina iliyotajwa kabla ya alama, kama ED25519, RSA au ECDSA. Aina zikiwa sawa na alama zikatofautiana, simama hapo uulize anayesimamia seva kabla ya kuendelea.

Utajua umefaulu mstari wa terminali ukibadilika na kuonyesha jina la mtumiaji na jina la seva, badala ya la laptopi yako. Andika `exit` kutoka.

## Ukikataliwa, soma maneno yaliyo kwenye skrini

Ujumbe wa kosa unaeleza umekwama wapi. Usiufunge kwa hasira.

"Connection timed out": hukufika kabisa. Anwani si yenyewe, seva imezimwa, au ulinzi wa seva unaruhusu anwani fulani tu. Hili la mwisho huwapata wanaofanya kazi kwa intaneti ya ofisi kisha jioni wanajaribu kwa intaneti ya simu: anwani unayoonekana nayo imebadilika. Jaribu tena kutoka mtandao wa ofisi.

"Connection refused": umefika, lakini mlango huo hausikilizi. Mara nyingi poti ni nyingine. Ila kama umetoka kukosea mara nyingi mfululizo, huenda seva ina fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea sana, na imekufungia. Kwa mipangilio yake ya kawaida, makosa 5 hukufungia kwa dakika 10. Acha kujaribu, subiri, au tumia mtandao mwingine.

"Permission denied (publickey)": umefika, mmezungumza, na seva haijautambua ufunguo wako kwa jina hilo. Angalia jina la mtumiaji kwanza, ufunguo baadaye. Ongeza -v mwanzoni, yaani `ssh -v -i ~/.ssh/seva mtunzaji@203.0.113.25`, na utafute mstari wenye "Offering public key". Ukionyesha njia ya faili jingine, au usipokuwepo kabisa, ufunguo wako haujatolewa.

"error in libcrypto" au "invalid format": faili limeharibika kidogo. Hutokea sana mtu anapofungua ufunguo kwa Notepad, akakopi, akautuma kwa WhatsApp, kisha akaupesti. Windows humalizia mistari tofauti na Linux. Jaribu `sed -i 's/\r$//' ~/.ssh/seva`, na hakikisha mstari wa mwisho umemalizika kwa Enter. Njia bora zaidi ni kurudi kwenye .ppk na kugeuza upya.

"REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!": alama ya seva si ile Ubuntu iliyoikumbuka. Kama unajua kwa hakika seva ilijengwa upya, futa kumbukumbu ya zamani kwa `ssh-keygen -R 203.0.113.25`. Kama hujui, usiifute.

"no mutual signature supported" au "no matching host key type found" ikifuatiwa na ssh-rsa: seva yako ni ya zamani mno. OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021 iliacha kukubali kwa kawaida saini za RSA zinazotumia SHA-1, kwa kuwa zimedhoofika. Unaweza kuingia kwa muda kwa kuongeza mistari hii miwili kwenye faili la Hatua ya 5, chini ya seva hiyo peke yake:

`HostKeyAlgorithms +ssh-rsa`
`PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa`

Ukishaingia, anza kupanga kuhama seva. Mashine isiyojua zaidi ya hapo ina matundu mengine mengi.

## Hatua ya 5: Ipe seva jina fupi

PuTTY ilikutunzia orodha ya seva. Ubuntu hutunza kwenye faili la maandishi, na kwa maoni yangu ni afadhali, maana unaweza kulisoma na kulinakili. Andika `nano ~/.ssh/config`, weka:

`Host zabibu`
`    HostName 203.0.113.25`
`    User mtunzaji`
`    Port 22`
`    IdentityFile ~/.ssh/seva`
`    IdentitiesOnly yes`
`    ServerAliveInterval 60`

Hifadhi kwa Ctrl+O, Enter, kisha Ctrl+X. Kuanzia sasa ni `ssh zabibu`, basi.

Mstari wa IdentitiesOnly unazuia laptopi kujaribu funguo zote ilizonazo mpaka seva ichoke na kusema "Too many authentication failures". Ule wa mwisho hutuma salamu ndogo kila sekunde 60, ili muunganisho wa mtandao wa simu usikatwe ukiwa kimya.

Kwa kazi ndefu, salamu hazitoshi. Umeme ukikatika na ruta ikazima katikati ya kusasisha tovuti, kazi inakatika nayo. Ukishaingia kwenye seva, fungua kwanza `tmux new -s kazi` na ufanyie humo; tmux ni programu inayoiacha kazi iendelee kwenye seva hata ukikatika. Ukirudi hewani, `tmux attach -t kazi` itakurudisha palepale ulipoachia. Kama haipo, isakinishe kwenye seva.

## Mafaili ya tovuti

WinSCP, ile programu ya Windows ya kuhamishia mafaili, haipo kwa Ubuntu, lakini huihitaji. Fungua dirisha la mafaili, bonyeza Ctrl+L, andika `sftp://zabibu`. Seva itafunguka kama folda, uburute mafaili kama kawaida. Anayependa FileZilla ataipata kwa `sudo apt install filezilla`.

Kwa amri moja: `scp bei.html zabibu:/var/www/html/`. Ukiwa hutumii jina fupi, kumbuka scp inataka poti kwa -P kubwa, wakati ssh inataka -p ndogo. Ukikataliwa kuandika kwenye folda hiyo, tatizo si muunganisho. Ni mmiliki wa folda kwenye seva.

## Hatua ya 6: Laptopi mpya, ufunguo mpya

Wengi huishia Hatua ya 5. Mimi naomba usiishie hapo. Ule .ppk umekaa miaka kwenye Windows, umepita kwenye flashi, labda na mikononi mwa fundi. Umekuingiza, umemaliza kazi yake.

Tengeneza mpya kwenye laptopi hii, na uupe nenosiri unapoulizwa:

`ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/laptopi_mpya -C "laptopi ya ofisi"`

Kisha peleka nusu yake ya umma, ile inayoishia na .pub, kwenye authorized_keys, faili la seva lenye orodha ya funguo zinazoruhusiwa, kwa kupitia mlango wa zamani:

`cat ~/.ssh/laptopi_mpya.pub | ssh zabibu 'cat >> ~/.ssh/authorized_keys'`

Alama za >> lazima ziwe mbili. Ukiweka moja, utafuta funguo za kila mtu mwingine na kubaki na yako tu.

Hakikisha kila ufunguo umekaa kwenye mstari wake:

`ssh zabibu 'tail -n 2 ~/.ssh/authorized_keys'`

Ikiwa miwili imegandana mstari mmoja, ingia, fungua faili kwa nano, weka Enter kati yao.

Sasa fungua `~/.ssh/config` na ubadilishe IdentityFile isomeke `~/.ssh/laptopi_mpya`. Acha dirisha moja likiwa bado limeingia kwenye seva, usilifunge. Fungua terminali ya pili na ujaribu `ssh zabibu`. Ikigoma, lile dirisha la kwanza ndilo litakalokuokoa.

Ikikubali, rudi kwenye dirisha la kwanza, fungua `nano ~/.ssh/authorized_keys`, na utafute mstari wa ufunguo wa zamani. Zilizotengenezwa na PuTTYgen mara nyingi huishia na maneno kama rsa-key-20190314, yaani tarehe ulipozaliwa ufunguo huo. Weka kishale kwenye mstari, bonyeza Ctrl+K, hifadhi. Mstari usioujua ni wa nani usiufute kabla ya kuwauliza wenzako. Kwa yule mama wa Mpunguzi, mstari mmoja usio na jina ndio uliokuwa wa mwenzao wa Dar es Salaam.

Jaribu `ssh zabibu` kwa mara ya mwisho. Ikifunguka, futa zamani.ppk kwenye flashi na kwenye folda ya .ssh, pamoja na faili la seva tulilogeuza Hatua ya 3.

## Kama ufunguo ulishapotea

Jaribu kwanza `ssh mtunzaji@203.0.113.25` bila ufunguo. Ukiulizwa nenosiri la seva, unalikumbuka na likakubali, andika `exit`, fanya Hatua ya 5 kwenye laptopi yako, kisha Hatua ya 6. Ikikataa, tafuta yeyote mwenye njia ya kuingia: tengeneza ufunguo mpya, mtumie faili la .pub tu, yeye aongeze mstari huo. Faili la .pub linaweza kupita hata WhatsApp bila hatari, kwa sababu nusu ya umma haifungui chochote peke yake.

Asipopatikana mtu, ingia kwenye ukurasa wa kampuni unayokodi seva kwao utafute konsoli ya kwenye kivinjari au hali ya uokoaji, na kupitia huko uongeze ufunguo wako mpya. Ukurasa wenyewe ukiwa umesajiliwa kwa baruapepe ya mtu aliyeshaondoka ofisini, anza na hilo leo, kabla hujagusa jambo jingine lolote.